Maji ya Wageni

Mvua ilimkuta njiani kabla ya kuingia Kabambare, na Aziza Ramazani aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya kituo cha polisi, mtandio wake ulikuwa umelowa chapachapa. Akauvua, akaukamua. Harufu ya udi ikapanda, nzito, kana kwamba mtu amepita na chetezo.

Komanda Jean-Pierre, mkubwa wa kituo, akanusa hewa mara mbili.

"Inspekta, sisi tunakuita juu ya sumu, wewe unatokea kwenye harusi?"

"Harusi ilikuwa Kasongo, mbele ya mfungo. Toka siku ile mtandio umekaa ndani ya sanduku, na asubuhi nimeuvaa hauna harufu hata kidogo. Ni mvua imeuamsha." Aziza akautandika juu ya kiti cha barazani. "Haya, niambie habari ya kwako."

Habari ya Jean-Pierre ilikuwa hii. Hemedi, kijana wa Mama Faridah, alikuwa ameoa msichana wa Lusangi anayeitwa Esther-Divine, Mkristo aliyesoma, aliyemaliza kemia na biolojia na kufanya kazi na watu wa maji kule Uvira. Jumamosi iliyopita wakwe wa Lusangi walikuja kula nyumbani kwa mara ya kwanza. Watu wakala wali, wakala samaki, wakanywa maji, wakacheka. Halafu wanawake wa jikoni wakaanza kuanguka, mmoja baada ya mwingine. Mate yalitoka, jasho likatiririka, na mboni za macho zikawa ndogo kama punje ya mtama. Wote walikuwa watu wa nyumba ya Hemedi. Wakwe wa Lusangi hawakupata hata kichefuchefu.

"Wengine wamepona," Jean-Pierre akasema. "Mama Faridah bado. Iko kitandani kwenye kituo cha afya, haongei. Hemedi yuko pale pale, hali, halali. Sasa sikiliza. Watu walipopekua nyumba, wakakuta ndoo ya yule bibi-arusi. Imejaa makaa. Maji ya kunywa ya ndugu zake alikuwa anayapitisha ndani ya makaa, na maji ya wakwe zake hapana. Mutu gani anaweka makaa ndani ya maji?"

"Yuko wapi?"

"Ndani ya kasho. Si kumfunga tu, ni kumuficha. Vijana walikuja na mawe. Mzee Hamadi, baba mdogo wa Hemedi, anataka apandishwe kwenye lori la alasiri aende gereza la Kasongo. Na mi nakuambia ukweli, Inspekta: akienda Kasongo, dosiye ya kesi yake italala mpaka mvi zimuote."

"Na ndoo?"

Jean-Pierre akatoa ufunguo mfukoni, akaunyanyua juu kama mtu anayeonyesha jino la dhahabu. "Iko ndani ya stoo yangu toka siku ile. Kufuli yangu mwenyewe. Hakuna mutu aliigusa."

"Komanda," Aziza akasema, "leo umefanya kazi ya watu kumi."

Jean-Pierre akajifanya hakusikia, lakini alitembea kifua mbele mpaka jioni.

Aziza hakuanza na mfungwa. Alianza na jiko. Nyumbani kwa Hemedi alikuta pipa la plastiki limeoshwa kwa sabuni likang'aa, vikombe vimeoshwa, sakafu imesuguliwa. Wanawake walikuwa wamesafisha kila kitu kwa hofu, na pamoja na uchafu wakaondoa kila alichokuja kutafuta. Kijito walichotekea maji kilikuwa kinapita nyuma ya shamba la mihogo, cheupe, kitulivu. Maji ya Jumamosi yalikuwa yamekwishafika mbali.

Akauliza polepole, akiwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mpaka akapata mpangilio wa siku ile. Maji ya kupikia yalitekwa Ijumaa jioni. Maji ya kunywa yaliletwa Jumamosi asubuhi, safari ya mwisho, yakamiminwa ndani ya pipa. Esther-Divine akachota humo humo akajaza ndoo yake. Waliokuwa jikoni wakakata kiu kwa yale yaliyobaki.

"Na samaki?" akauliza.

"Samaki walikula wote," mwanamke mmoja akasema. "Wakwe ndio walikula zaidi. Kama sumu ingekuwa ndani ya samaki, Lusangi nzima ingelia."

Aziza akainua macho. Juu ya moto kulikuwa na chanja, na juu ya chanja samaki waliobaki wakikaushwa kwa moshi. Kulikuwa na mkubwa, mrefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, na ubavuni mwake visamaki vyembamba kama misumari, vingi. Aliwatazama muda mrefu.

"Nani alivua?"

"Moustapha, mdogo wake Hemedi. Huyo kijana ana moyo! Nyama ilikosekana, akasema wakwe hawatakula majani matupu katika nyumba yetu. Alitoka alfajiri na mufuko wake, akarudi umejaa."

Aziza akaomba samaki wawili, mkubwa na mdogo. Akawafunga ndani ya jani la mgomba, akaondoka.

Kasho la Kabambare ni chumba kimoja chenye dirisha la vyuma. Esther-Divine alikuwa amekaa chini, mgongo umenyooka, kitenge kimefungwa vizuri kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Aziza akaomba kigoda, kisha akabadili mawazo, akakaa chini naye.

"Sitakuuliza kama uliwaua," akasema. "Kwanza hakuna aliyekufa. Niambie makaa yanafanya nini. Yanakula uchafu?"

Msichana akamtazama. Tangu afungwe, hakuna aliyemuuliza swali hilo.

"Hayali, mama. Yanashika."

"Yanashika namna gani?"

"Kipande kimoja cha makaa ni nyumba yenye vyumba vidogo vidogo, macho hayavioni. Ukikitwanga, unafungua milango. Maji yanapita kwenye vyumba vile, na kile kilichochanganyika na maji kinagusa ukuta. Kama kinapenda ukuta kuliko maji, kinanata. Hakizami ndani ya ukuta. Kinakaa juu ya uso wake tu, kama vumbi kwenye kioo."

"Kumbe si kama sponji."

"Sponji inakunywa maji pamoja na kila kitu. Makaa yanaacha maji yaende, yanabakiza kile. Na kuta ni nyingi, mama! Ukiweza kuzitandika zote za kipande cha kiganja hiki, unafunika uwanja wa mpira."

"Na chumvi?"

"Chumvi inapenda maji. Inapita."

Aziza akacheka kidogo. Alikuwa amewahoji wezi wa dhahabu wa Salamabila, wachungaji, na walimu, na hakukumbuka lini jibu lilimjia safi namna ile, bila kuzungushwa.

"Na vyumba vikijaa?"

"Vya juu vinajaa kwanza, maana maji yanakutana navyo kwanza. Halafu vya katikati. Vya chini vikijaa, basi, imekwisha, kila kitu kinapita mpaka kikombeni. Njo maana mi nabadilisha makaa."

"Mara ya mwisho ulibadilisha lini?"

"Jumamosi ile ile asubuhi. Makaa mapya, toka gunia lililo nyuma ya nyumba. Wakwe walikuwa wanakuja."

Nje Jean-Pierre alikuwa anabishana na mtu.

"Bibi yangu alikuwa anafukiza nguo za watu Kasongo," Aziza akasema. "Udi, mdalasini, vitu vyake. Alikuwa anatuambia harufu imekaa juu ya uzi, imelala. Ukitaka iamke, vaa nguo upate joto, au nyunyiza maji."

Esther-Divine akamgeukia, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka. "Ni kitu kimoja, mama! Ni kile kile. Joto linaachisha. Na maji nayo yanataka kukaa juu ya ule uzi, yakija yanaifukuza harufu kwenye kiti chake, inaruka. Bibi yako alijua kemia."

"Alijua watoto wa Kasongo wanavyopenda kunukia. Sasa niambie la mwisho. Juu ya nini wageni peke yao?"

"Ndoo inatoa polepole, tone kwa tone. Maji hayangetosha watu wote. Mama mukwe mwenyewe alisema, 'Yale mazuri mpe wageni. Sisi wa jikoni tutakunywa ya pipa.' Ni heshima ya nyumba yake." Akainamisha kichwa. "Na yeye peke yake ndiye anayejua alisema vile."

Saa sita ilipita. Lori la Kasongo lilikuwa limekwisha kuanza kupakia mchele sokoni. Uwanja wa kituo ulikuwa umejaa, na waliokosa nafasi walikaa juu ya pikipiki zao. Mzee Hamadi alikaa mbele, kofia nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Nyuma yake alisimama Moustapha, kijana mrefu, mikono nyuma.

Katikati ya uwanja Aziza alikuwa ameweka babula, jiko la makaa yanayowaka, na ubavuni ndoo ya Esther-Divine. Aliwaonyesha wote kwamba kufuli ya stoo ya komanda haijavunjwa. Akatoa kitambaa cha juu, akachota makaa ya tabaka la juu kwa kijiko, akayatia ndani ya kopo la maziwa. Akaosha kijiko. Akachota ya katikati, kopo la pili. Akaosha tena. Akafika chini kabisa, karibu na mchanga uliotandikwa chini ya makaa, kopo la tatu. Katika kopo la nne akatia makaa ambayo Jean-Pierre aliyatoa kwenye gunia nyuma ya nyumba ya Hemedi, akayatwanga, akayalowesha maji. Kila kopo likafunikwa.

"Inspekta, unapika nini?" mtu akapaza sauti.

"Napika ushahidi. Ukiwa na njaa, ngoja."

Watu wakacheka. Mzee Hamadi hakucheka.

"Mzee wangu," Aziza akasema, akapiga goti kidogo kwa heshima, "watu wote wanasema pua yako inajua mchele wa mwaka jana na wa mwaka huu. Nataka pua hiyo. Geuka kwanza, usitazame."

"Mi niko mwenye kulalamika, si polisi."

"Ndiyo maana. Ukisema wewe, nani atasema nimekununua?"

Mzee akageuka. Aziza akapanga makopo juu ya babula, akayachanganya, wala hata Jean-Pierre hakujua tena lipi ni lipi. Chini ya kila kopo alikuwa amekwaruza alama. Yalipopata moto, akayashusha, akayabeba kwa kitambaa mbele ya mzee, moja moja, akifunua kidogo na kupepea mvuke kwa kiganja.

"Usivute sana, mzee. Kidogo tu."

La kwanza: "Makaa."

La pili: "Makaa tu."

La tatu, mzee akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. Akakohoa. "Hii ni dawa ya wadudu! Ile wanamwagia mahindi. Toa, toa!"

La nne akanusa kwa tahadhari. "Iko... kidogo. Kama ile, lakini inatoka mbali."

Aziza akayapindua makopo, Jean-Pierre akasoma alama kwa sauti kubwa. Mawili yasiyo na harufu yalikuwa ya gunia na ya chini kabisa ya ndoo. Lenye harufu kidogo lilikuwa la katikati. Lile lililomkohoza mzee lilikuwa la juu.

"Basi!" kijana mmoja akaruka. "Sumu iko ndani ya ndoo yake! Tulisema!"

"Kaa chini, baba," Aziza akasema. "Ndugu zake walikunywa maji yaliyopita ndani ya ndoo hii. Nani aliumwa?"

Kijana akakaa, naye Aziza akawageukia wengine.

"Mtu anayeficha sumu ndani ya makaa anaichanganya kote, au anaiweka chini, na maji yanaichukua mpaka kikombeni. Hapa chini hakuna kitu. Sumu imejaa juu, ikapungua katikati, ikaisha. Kwa hiyo ilikuja kutoka juu, pamoja na maji. Na makaa yaliyotoka kwenye gunia yalikuwa safi. Maji yalikuwa na sumu kabla ya kufika kwenye mkono wa huyu msichana. Pipa mmeliosha. Kijito kimekwenda zake. Makaa peke yake ndiyo yalibaki yameshika, toka Jumamosi, yanatungoja tuje tuyaulize."

Mzee Hamadi akavua kofia, akaishika mkononi. "Makaa," akasema polepole. "Haya haya ya kupikia."

"Haya haya, mzee. Kama wa jikoni wangekunywa maji ya wageni, tusingekuwa hapa."

Halafu Aziza akafungua jani la mgomba. Akaweka samaki mkubwa juu ya meza, na kando yake kile kidogo.

"Moustapha, mdogo wangu, karibu. Nasikia ulilisha wageni vizuri. Ulivua kwa kitu gani?"

"Kwa nyavu."

"Macho yake makubwa kiasi gani?"

Moustapha akaonyesha kwa vidole viwili vilivyopanuliwa.

Aziza akachukua kisamaki, akakipitisha katikati ya vidole vile viwili, kwenda na kurudi. Kilipita bila kugusa. "Huyu alikubali kubaki ndani ya nyavu yako kwa mapenzi tu?"

Watu wakaguna. Moustapha akalamba midomo.

"Nyavu inachagua," Aziza akaendelea. "Ndoano inachagua. Kinachoua mkubwa na mdogo pamoja, bila kuchagua, ni nini?"

"Utupa," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka nyuma. Wazee wote waliujua utupa, majani yanayopondwa na kutupwa mtoni, samaki wanalewa, wanaelea.

"Mi sikutia utupa!" Moustapha akasema. "Naapa kwa Mungu!"

"Nakuamini. Utupa unataka kupondwa kutwa nzima. Wewe ulitoka alfajiri, ukarudi mapema. Lete mufuko wako."

Mfuko ukaletwa, wa turubai, umefuliwa, umekaushwa juani mpaka umekuwa mgumu. Moustapha mwenyewe akaunusa mbele ya watu, akaupeleka kwa Jean-Pierre, akaupeleka kwa kila aliyetaka. Haukunuka kitu.

"Safi kabisa," Aziza akakubali. "Umeufua kwa bidii."

Akachukua birika lililokuwa pembeni ya babula. Akamimina maji ya moto kidogo ndani ya mfuko, kwenye mshono wa chini, akaukunja mdomo wake, akangoja. Jean-Pierre alikuwa wa kwanza kuelewa. Akautazama mtandio uliotandikwa juu ya kiti, akalitazama birika.

"Mzee wangu," Aziza akasema. "Mara ya mwisho, nakuomba."

Mzee Hamadi akasogeza pua. Hakukohoa safari hii. Alibaki ameinama pale, kisha akainua macho, akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Moustapha."

Kijana akakaa chini kwenye tope.

"Samaki wamekimbilia chini ya mawe, baba," akasema. "Wachimbaji wanawasumbua kule juu. Nyavu ilitoka tupu mara tatu. Chupa ya dawa ya mahindi ilikuwa ndani ya mufuko. Nilitia kidogo tu. Nilisema maji yataenda. Sikujua wasichana wanateka tena asubuhi. Nilitaka wakwe washibe, wasituseme Lusangi."

"Na huyu?" Aziza akamwonyesha Esther-Divine, aliyekuwa amesimama mlangoni pa kasho. "Juu yake ulisema nini?"

"Nilisema kesho nitasema ukweli. Ikifika kesho, naona mama hajafungua macho, naogopa. Nasema tena kesho."

Hakuna aliyetupa jiwe. Mzee Hamadi alienda mwenyewe mpaka mlangoni, akasimama mbele ya msichana wa Lusangi. Akamshika mkono, akamtoa nje kama anavyotolewa bibi-arusi, mbele ya watu wote. Sokoni lori lilipiga honi, likaondoka na mchele wake.

Aziza alimkuta Esther-Divine jua likiwa bado juu, nyuma ya nyumba, ameimwaga ndoo yote kwenye shimo alilochimba mbali na kijito. Alikuwa anatwanga makaa mapya, anayachekecha, anayaosha mpaka maji meusi yanakuwa meupe. Aziza akakaa, akatazama. Kila konzi ya makaa iliingia mahali pake, mchanga chini, makaa juu, kitambaa juu ya makaa. Mikono ile haikuwa na haraka wala hasira.

"Ungepumzika leo," akamwambia.

"Yale ya zamani yalikuwa karibu kushiba, mama. Yamefanya kazi nzuri. Sasa mengine yapokee zamu."

Ndipo Hemedi akaja mbio kutoka kituo cha afya, viatu mkononi. Akaonyesha tu kwa kidole. Wote wakakimbia.

Mama Faridah alikuwa ameegemezwa kwenye mito, macho wazi, midomo imekauka. Muuguzi alikuwa na kikombe cha maji mkononi, na mama alikuwa anakisukuma. Alipomwona mkwe wake mlangoni, akajaribu kuinua kiganja.

"Si haya," akasema kwa sauti nyembamba. "Nipe yale ya wageni."

Hemedi akamgeukia mkewe kwa haraka. Lakini Esther-Divine akapiga magoti kando ya kitanda, akakishika kile kiganja kwa mikono yake iliyojaa masizi.

"Bado, mama. Ndoo nimeijaza makaa sasa hivi. Maji ya kwanza ni ya kumwaga, ya pili ndiyo ya kunywa, na ni lazima niyachemshe. Inashuka tone kwa tone."

Mama Faridah akamtazama, akaitazama ile mikono meusi. Akakisukuma tena kikombe cha muuguzi.

"Nitangoja," akasema.